Maswali ya wasomaji: hivi chakula cha Kihindi ni kimoja?

Mwezi uliopita kwenye ukurasa huu tuliongelea biriani ya shughuli, nikagusia kidogo tu kwamba Wahindi wenyewe hawana biriani moja, kila upande wa nchi yao una ya kwake. Basi jamani meseji zilimiminika, wengine wanabisha, wengine wanataka mapishi, wengine wanasuluhisha ugomvi wa nyumbani. Nimechagua maswali yanayowagusa wengi na yaliyofanana nimeyaunganisha. Karibuni.

Shikamoo anti. Sisi kwetu Tabata biriani tunaijua ni wali wake na mchuzi wake mzito, vinapikwa mbalimbali vinakutana kwenye sahani. Juzi nimealikwa ndoa ya jirani yetu wa zamani kule Upanga, limeletwa sinia kubwa, nyama na viazi viko chini kabisa wali umefunika juu, vimepikwa pamoja. Mume wangu tangu siku ile anasema ile ndo biriani, mimi eti napika wali na rosti. Imeniuma kwa kweli. — Mama wa Tabata

Marahaba mama. Mwambie baba watoto hayo maneno ayarudishe, na umsomee hili jibu lote.

Biriani ya kufunika aliyoiona Upanga ni ya kweli, na yako ni ya kweli pia, tena hata huko India ukimuuliza mtu wa Hyderabad kuhusu biriani ya Kolkata atakuambia ile sio biriani, na wa Kolkata atajibu hivyo hivyo. Hyderabad wanailaza nyama ikiwa mbichi kabisa kwenye mtindi, papai bichi la kulainisha, tangawizi, saumu, pilipili, nanaa na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa kahawia, wanaitandika chini ya sufuria, juu yake wanaweka wali uliochemshwa nusu, zafarani kidogo, samli, alafu mdomo wa sufuria unazibwa kwa donge la unga uliokandwa ili mvuke usipate hata tundu la kutokea, moto mdogo, hapo unasubiri. Ni kazi ya roho ngumu maana huwezi kufunua kuonja, nyama ikigoma kuiva na wali umeshaiva ndo basi tena. Ndo maana Lucknow, kaskazini, wao wengi nyama wanaipika kwanza kwa supu yake ndo wanaitandika na wali, na viungo vyao ni vya harufu zaidi kuliko ukali, ukila unasikia marashi marashi hivi kwa mbali.

Kolkata sasa, kule mashariki, biriani bila kiazi hawaielewi. Mwaka 1856 Waingereza walimnyang'anya mtawala wa mwisho wa Awadh (ule ufalme wa Lucknow), Wajid Ali Shah, ufalme wake, akahamia Kolkata na wapishi wake kutoka Lucknow, ndo mapishi yakashuka huko, na leo mtu wa Kolkata akiletewa biriani kitu cha kwanza anakitafuta kiazi na yai, nyama baadae. Ukishuka kusini hata mchele unabadilika, Wamalabari wa Kerala biriani yao ya Thalassery wanatumia mchele mfupi mdogo wenye harufu, sio basmati, na Dindigul kule Tamil Nadu nao wana mchele wao mdogo kama binzari nyembamba na pilipili manga nyingi.

Sasa yako mama. Mtindi unao, papai bichi unalo, vitunguu vya kukaanga ndo usiseme, tangawizi na saumu, hiliki, mdalasini, karafuu. Hiyo nyama yako ni ndugu kabisa na nyama ya Hyderabad, tofauti ni kwamba pwani tuliongeza nyanya na tukaamua masala yabaki na mchuzi wake ili kila mtu apakuliwe anachotaka, na kwenye shughuli ya watu wengi hiyo ni akili kubwa maana wali haurojeki na nyama haiungui chini. Ni tawi letu, lina heshima yake.

Na kama kule Upanga mlikalishwa watu kama wanane mkazunguka sinia moja na mkaanza kwa kuonja chumvi basi wenyeji wenu walikua Mabohora, Waislamu wa Kishia wenye asili ya Gujarat, wao ndo desturi yao hiyo, chumvi kwanza, alafu kitu kitamu kinakuja mapema kabla ya nyama. Ukitaka kuijaribu ya kufunika nyumbani anza na ile ya nyama iliyoiva tayari, pika masala yako kama kawaida ila yawe mazito yamekaukiana, tandika wali ulioiva robo tatu juu, funika, weka mkaa juu ya mfuniko kama unavyopalia wali wa nazi, chini uache moto kidogo sana. Nusu saa inatosha.

Mambo anti. Mimi nafanya kazi dukani Kisutu, bosi wangu Mhindi. Nikienda migahawa ya Kihindi mjini menyu ni ile ile, butter chicken, mkate wa naan, paneer ile jibini yao. Ila bosi hotipoti lake la mchana sijawahi kuona hata kimoja kati ya hivyo, naona vichapati vyembamba vina majani ndani, dali, mtindi, kachumbari, viazi vikavu. Kwani wao hawali vyakula vyao? — Kijana wa Sinza

Poa sana. Swali lako limenifurahisha kwasababu umeangalia, wengi wetu tunaishi nao miaka hatuangalii.

Ile menyu ya mgahawa ni ya upande mmoja tu, Punjab na Delhi. Mwaka 1947 India ilipogawanywa na Pakistan kuzaliwa, watu wengi walikimbia kutoka magharibi kuja Delhi, wakiwemo wapishi waliotoka Peshawar na tanuri zao za udongo, wakafungua migahawa, na kuku wa tanuri akawekewa mchuzi wa nyanya, siagi na malai, ndo huyo butter chicken. Chakula kilichozaliwa mgahawani kikasambaa dunia nzima kupitia migahawa. Ni kitamu, sina ugomvi nacho, lakini kumhukumu Mhindi kwa butter chicken ni sawa na mgeni kushuka Dar akala chipsi mayai akasema huyu ndo Mtanzania anavyokula kwao.

Bosi wako wa Kisutu kuna uwezekano mkubwa sana wazee wake walitoka Gujarat, magharibi mwa India, sehemu za Kachchh au Kathiawar, maana Wahindi wengi wa hapa Dar asili yao ni huko, walikuja na majahazi kwa upepo wa kaskazi. Wagoa wapo, Masingasinga wapo, ila walio wengi ni wa huko. Na hivyo vichapati vyenye majani vinaitwa thepla, majani yake ni ya uwatu, unga wa ngano unachanganywa na unga wa dengu kidogo, manjano, pilipili, mtindi, vinakaa siku kadhaa haviharibiki, ndo maana ni chakula cha safari na cha kazini.

Nikupe kitu kimoja mimi ndo natumia, ukikutana na chakula chochote cha Kihindi jiulize mambo matatu, mafuta gani, nafaka gani, na uchachu umetoka wapi. Punjab ni samli na siagi, ngano, uchachu wa mtindi au unga wa embe bichi kavu. Gujarat mafuta ya karanga, ngano na uwele, ndimu na utamu wa sukari guru. Bengal mafuta ya haradali na wali. Kerala mafuta ya nazi, wali, ukwaju na matunda fulani makavu meusi machachu. Tamil Nadu mafuta ya ufuta, wali, ukwaju. Ukishajua hayo matatu karibu umeshajua mpishi ametoka wapi hata kabla hujauliza jina la chakula, na hapo ndo utaona hakuna kitu kinaitwa chakula cha Kihindi kama kitu kimoja, ni nchi ya kila jimbo na sufuria lake.

Halafu kuna na vile ambavyo India hata havipo. Kuku paka, kuku wa kuchoma kwenye mkaa anaingizwa kwenye tui zito la nazi na manjano na ndimu na mayai ya kuchemsha, hicho ni cha Wahindi wa pwani yetu hapa, Dar, Zanzibar, Mombasa. Mpelekee mtu wa Delhi ataomba afundishwe. Muombe bosi siku moja akuonjeshe, nina hakika atafurahi kuulizwa.

Dada, mimi mama lishe Kinondoni. Wateja wangu wawili Wahindi wa ofisi moja, mmoja aliniomba nimpikie dali, nikapika, akasema kwao dali inatiwa sukari. Mwenzie akamkatiza, eti kwao dali ni chachu na kali, sukari ni kuiharibu. Nimebaki katikati. Nimpikie nani? — Mama lishe, Kinondoni

Hapa nitakaa kidogo maana hii dali inatuhusu sisi kuliko tunavyodhani.

Dali inayopikwa zaidi Gujarat, na ile inayoingia kwenye mchuzi wa sambar wa Tamil Nadu, na ile ya Andhra, jimbo la kusini, zote ni mbaazi. Mbaazi hizi hizi tunazopika na nazi tukala na maandazi asubuhi. Wao wanazikoboa ganda na kuzipasua ndo zinakua zile dali za njano za dukani. Tena nyingine ni za shambani kwetu kabisa, wakulima wa Mtwara, Lindi na Babati wanaijua vizuri hii habari, mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi za kuagiza kutoka nje bei huku kwetu iliporomoka watu wakabaki na magunia ndani. Mtu anapika dali Ahmedabad, sisi huku tunalia au tunacheka.

Sasa wateja wako. Wa sukari kuna uwezekano mkubwa ni Mgujarati, na huyo wa chachu na kali kama sio wa Andhra basi ni wa karibu na huko, maana Andhra dali wanaipika nzito na majani machachu au embe bichi au ukwaju, na pilipili hawana utani nayo. Tamil Nadu dali hiyo hiyo inakua sambar, nyepesi, ya ukwaju, yenye mboga ndani, na mboga wanayoipenda kuliko zote ni yale maganda marefu ya mlonge. Mlonge huu uliojaa kwenye nyua zetu, sisi tunakula majani na kusaga unga wa dawa, maganda tunayaacha yanakauka mtini! Wao wanayakata vipande vya kidole, yanaivia kwenye sambar, unakitafuna kipande unanyonya nyama ya ndani unatupa kamba. Ukivuka mpaka kuingia Karnataka, upande wa Udupi, sambar inaanza kupata sukari guru na nazi, Kerala nazi inakaangwa kavu mpaka inageuka rangi ndo inasagwa inatiwa. Huko Punjab ndo kwingine kabisa, dali yao maarufu ni ya choroko nyeusi na maharage, inachemka polepole masaa na masaa, mwisho siagi na malai. Bengal wanapika ya dengu zilizopasuliwa na vipande vya nazi ndani.

Mpikie wa Gujarat, ni rahisi zaidi na hata wateja wako wengine wataipenda. Nunua dali ya mbaazi, ukiona inateleza imepakwa mafuta ioshe kwa maji ya moto. Chemsha na manjano na chumvi mpaka ivurugike kabisa, ipige kwa mwiko au mchapo iwe laini. Ongeza maji iwe nyepesi, hii sio nzito kama maharage, inamiminika. Tia nyanya moja iliyokatwa, tangawizi ya kutwanga, pilipili mbichi, karanga mbichi kiganja kimoja, sukari guru kipande kama cha kiberiti, iache ichemke karanga zilainike. Sasa pembeni kikaango kidogo, mafuta vijiko viwili au samli, yakishapata moto sawasawa tia mbegu za haradali, zitaanza kuruka na kupasuka ta ta ta, usiogope ila funika kidogo, zikitulia tia binzari nyembamba, uwatu mbegu chache tu, karafuu mbili, kipande cha mdalasini, pilipili kavu nzima, mvuje ule wa unga ncha ya kisu, na majani ya kari ukipata. Sekunde kumi, mimina vyote juu ya dali, utasikia inavyolia, funika hapo hapo harufu isitoke. Mwisho ndimu na kotmiri. Onja, unatakiwa usikie tamu, chachu, kali, vyote kwa zamu, kikizidi kimoja rekebisha.

Yule mwenzie mpe dali hiyo hiyo kabla hujatia sukari guru na karanga, umuongezee ukwaju na pilipili. Sufuria moja, wateja wawili.

Habari dada. Baba yetu mzee wa Singida tunaishi nae Temeke, anasema Wahindi ni watu wa wali na chapati, ugali hawaujui na ndo maana hawana nguvu za kulima. Nikabisha ila sina ushahidi. — Binti wa Temeke

Msalimie sana mzee, hiyo ya nguvu za kulima naomba aifute kabisa, kule kuna wakulima mamilioni wanaamka alfajiri kama yeye alivyokua anaamka.

Ushahidi huu hapa. Kusini mwa Karnataka, vijijini kote kuzunguka Mysore na Mandya, chakula cha mkulima ni ugali wa ulezi. Maji yanachemka, unga wa ulezi unatiwa, unasongwa na mti wa kusongea haswa, alafu ukiwa bado wa moto unafinyangwa kwa mikono iliyolowanishwa maji unakua donge la mviringo kubwa kama ngumi, linawekwa kwenye sahani na mchuzi mwepesi mkali wa kunde au majani au nyama. Wanaumega kwa vidole, wanachovya, wanameza bila kutafuna, ukitafuna wanajua wewe mgeni. Wanauita ragi mudde. Na ulezi wenyewe asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, ulivuka bahari kwenda India maelfu ya miaka iliyopita, kwahiyo mzee akikaa na mkulima wa Mandya wana mengi ya kuongea.

Bado uwele na mtama, nafaka za kwao Singida na Dodoma, nazo asili yake ni Afrika. Kachchh na Kathiawar, huko huko walikotoka wazee wa Kisutu, mkate wa mkulima ni wa uwele, mnene, unapigwa kwa viganja bila kusukuma, unaokwa juu ya chungu cha udongo, unaliwa na samli, sukari guru, chatne ya saumu na pilipili, na bilinganya lililochomwa moto likapondwa. Maharashtra ni mtama. Punjab msimu wa baridi wana mkate wa mahindi na mboga za majani ya haradali zilizopikwa mpaka zikawa uji, na hiyo nayo ukimpa mtu wa Singida atasema hii imekosa mlenda tu.

Na muhogo je? Kerala wanakula muhogo wa kuchemsha uliopondwa na nazi, pembeni mchuzi mwekundu wa samaki. Muhogo ulisisitizwa sana kule miaka ya 1880 na mfalme wa Travancore, Visakham Thirunal, ili watu wasife njaa mchele ukikosekana, na ukabaki mpaka leo kuwa chakula cha fahari. Kwahiyo binti umeshinda ila mshindie mzee kwa adabu.

Anti mimi nakaa Kigamboni, samaki kwangu sio shida, navuka asubuhi naibuka Feri narudi na nguru. Nataka mchuzi wa samaki wa Kihindi ila kila ninayemuuliza ananipa masala ya paketi. — Mpenda nguru

Ya paketi achana nayo, samaki wa Feri wa asubuhi hastahili kufichwa na unga wa miezi sita.

Una njia tatu na zinategemea upo kwenye mood gani. Ya kwanza ya Kerala, ya tui, wanaita moilee. Samaki apakwe manjano, chumvi na ndimu, akaangwe juu juu tu asiive. Kaanga vitunguu vyembamba kwa mafuta ya nazi, tangawizi iliyokatwa vijiti, pilipili mbichi zilizochanwa katikati, majani ya kari, tia tui jepesi, likichemka weka samaki, dakika chache, malizia na tui zito na uepue kabla halijachemka likakatika. Hii utaona ni binamu wa samaki wetu wa nazi, ila haina nyanya nyingi na haina bizari ya mchuzi, rangi yake ni njano laini.

Ya pili ni ya Goa. Hapa nazi sio tui, nazi inasagwa yenyewe pamoja na pilipili nyekundu kavu zilizolowekwa, mbegu za giligilani, binzari nyembamba, manjano, saumu na ukwaju, mpaka iwe laini kabisa kama losheni, huo ndo mchuzi wenyewe, unachemshwa na samaki anaingia mwisho. Goa ilikua chini ya Wareno mpaka 1961, ndo maana na siki wanaitumia sana, ile vindaloo ilianza kama nyama ya Wareno ya mvinyo na saumu, Wagoa wakaijaza pilipili na siki ikawa yao. Kwenye samaki lakini ni nazi na uchachu wa ukwaju au kokum, tunda jekundu lililokaushwa la pwani ile.

Ya tatu Bengal, na hii ndo itakushangaza. Hamna nazi lazima, hamna vitunguu lazima. Mbegu za haradali zinasagwa na pilipili mbichi na chumvi, samaki anapakwa, anamiminiwa mafuta ya haradali mabichi, anapikwa kwa mvuke. Inapanda puani kabisa! Wao samaki wao mpenzi ni hilsa, anayepanda kutoka baharini kuingia mtoni, ana miba mingi na mafuta mengi, na wanapenda wa maji baridi kuliko wa bahari. Kwa nguru inakubali, ila kama unakaangia mafuta ya haradali yapashe kwanza mpaka yatoe moshi ndo uyapooze kidogo, bila hivyo ukali wake unakaba.

Mimi kwa nguru ningeanza na ya Goa. Nguru ana nyama ngumu, anavumilia uchachu.

Dada hivi kachori na sambusa tunazokula jioni, India ni hizi hizi?

Sambusa zetu za manda nyembamba na nyama ya kusaga, hizo ni za Waislamu wa Gujarat kabisa, nenda kwa Mabohora utazikuta. Za Punjab ni kubwa, ganda nene, ndani viazi na njegere na uchachu wa embe kavu, moja unashiba. Hyderabad wanazo za mraba za nyama, Bengal wanatia mpaka koliflawa.

Kachori yetu ya kiazi kilichopondwa, kikaviringwa, kikachovywa kwenye unga wa dengu na kukaangwa, Mumbai ipo ila wanaiita batata vada na wanaibana kwenye mkate na chatne ya saumu, ndo chakula cha barabarani cha jiji zima. Ukiomba kachori Rajasthan utaletewa kitu kingine, ganda kavu linalovunjika, ndani choroko au vitunguu. Na wauzaji wa vitumbua naomba mjue, kile chuma chenu chenye vishimo Tamil Nadu kipo vile vile, wanamiminia uji wa mchele na choroko nyeusi uliochachuka.

Anti kuna bokoboko nimekula Hyderabad nilipoenda kumuuguza mama, au nimechanganya?

Pole na mama, Mungu amjalie afya. Hujachanganya sana. Ile inaitwa haleem, na bokoboko letu na yao mzizi ni mmoja, harisa ya Waarabu, ngano na nyama inapikwa na kupondwa mpaka vinakua kitu kimoja kinachovutika. Hyderabad wameongeza dali, viungo, vitunguu vya kukaanga juu, ndimu na nanaa, na mwezi wa Ramadhani mji mzima unanuka haleem. Mwaka 2010 ilipewa ulinzi wa kisheria wa jina, kwahiyo kwa kipindi hicho sio kila mtu aliruhusiwa kuuza kitu akakiita haleem ya Hyderabad. Yetu imebaki nyepesi kwa viungo, samli juu na sukari kwa wanaopenda.

Naomba msaada wa haraka. Jumapili anakuja kula kwangu Mbezi mfanyakazi mwenzangu Mhindi na mke wake. Nimeshanunua kuku. Nimekosea? — Mwenyeji, Mbezi

Kabla hujamchinja huyo kuku mpigie simu umuulize, sio aibu, wao wenyewe wanaulizana. Usikisie kwa dini wala kwa jina. Kuna Mabrahmini, tabaka la makuhani wa Kihindu, wa Bengal wanakula samaki bila shida yoyote, na Mabrahmini wa Kashmir wanapika mbuzi vizuri sana, ila kwa desturi hawatii kitunguu wala saumu, wanatumia mvuje na tangawizi kavu na mtindi. Kerala wengi wanakula nyama na samaki wa kila aina. Gujarat kwa Wahindu wengi hamna nyama kabisa, mara nyingi hata yai hamna. Na akiwa Mjaini, yaani wa dini ya Jain ya huko India, hapo uwe makini zaidi maana hawali kitu kinachochimbwa ardhini, kwahiyo viazi, karoti, vitunguu, saumu vyote havipo, na wengi wanapenda kula kabla jua halijazama, kwahiyo mualike mchana.

Akisema hali nyama usihangaike kutafuta paneer mjini. Mbaazi za nazi, wali mweupe au chapati zetu za kusukuma, bamia kavu za kukaanga, mchicha wa nazi, kachumbari, embe bichi na pilipili, matunda. Akiwa Mjaini mbaazi ziunge kwa binzari nyembamba, nyanya na mvuje, vitunguu usiguse, na kachumbari iwe nyanya na tango tu. Tumia sufuria na mwiko ambao hujapikia nyama siku hiyo, na umwambie kwamba umefanya hivyo, wengi wanaona haya kuuliza na wanakula kwa wasiwasi. Kuku muweke friza.